Datsun 240Z inachemsha? Jua kwanza inachemsha wakati gani

Ukiona mtu ana Datsun 240Z (ile gari ya michezo ya zamani ya Nissan) hapa Kenya na anaitoa Jumapili asubuhi tu kabla foleni haijaanza, mara nyingi hiyo gari inachemsha na mwenyewe ameshakata tamaa. Fundi amemwambia gari za zamani ndivyo zilivyo, zoea tu. Mi hilo nalikataa kabisa. Gari hii ilishinda Safari Rally mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa ndani, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews, kwenye vumbi, matope na milima yetu hii hii. Sawa, gari za mashindano ziliandaliwa kivyake, lakini injini chini ya boneti ni ukoo ule ule wa L24, silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, ukubwa wa injini cc 2393, bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Kwa hiyo kama yako inapandisha temperecha kwenye foleni ya Mlolongo basi kuna kitu kimekufa, kimeziba, au kuna mtu alikitoa miaka iliyopita na hakukirudisha.

Shida ninayoiona kila mara ni watu kukimbilia spea. Gari imechemsha leo, kesho mtu yuko Kirinyaga Road anatafuta rejeta kubwa zaidi, akifunga bado inachemsha, ananunua wota pampu, bado, anaweka feni mbili za umeme, bado, na pesa imeisha. Wakati jibu lilikuwa kwenye swali moja ambalo hakuna aliyemuuliza: inachemsha WAKATI GANI? Ikiwa imesimama? Ikiwa kasi? Ikipanda mlima? Dakika tano baada ya kuwashwa? Au baada ya kuzimwa? Kila jibu hapo linakupeleka sehemu tofauti ya gari, kwa hiyo tutaenda hivo hivo.

Kwanza, una uhakika inachemsha?

Geji ya 240Z ni moja imegawanywa, upande mmoja oili presha na upande mwingine temperecha, na ina miaka zaidi ya hamsini sasa. Geji inaongea uongo kwa sababu nyingi: sensa siyo yake (watu hufunga yoyote inayoingia kwenye nyuzi), waya wa arthi umeshika kutu, au umeme unaoenda kwenye geji hautulii. Ukiona mshale wa temperecha unapanda ukiwasha taa na kushuka ukizima, hilo ni tatizo la umeme, rejeta haina kosa lolote.

Nunua kile kipima joto cha kuelekezea kama bunduki, siku hizi ni bei ya kawaida kabisa. Piga kwenye nyumba ya themostati (ile vali inayofunguka maji yakipata joto) pale mbele ya hedi, piga tanki ya juu ya rejeta, halafu tanki ya chini. Ila hapa kuna mtego: hivo vipima vinadanganywa na aluminiamu inayong'aa, vitakusomea chini kuliko ukweli na utafikiri gari iko poa kumbe inaungua. Bandika kipande cha tepu nyeusi au paka rangi nyeusi kidogo pale unapopimia, ngoja ipate joto, ndiyo usome. Injini yenye afya na themostati ya nyuzi 82 itakaa kwenye 80 na kitu hadi 90 na kitu kidogo kwenye foleni ya mchana. Ikipita 100 na inaendelea kupanda, hapo sasa kweli unachemsha.

Na jambo la kukutuliza moyo, ukizima gari ya moto halafu ukafungua swichi baada ya dakika kadhaa utaona mshale umepanda. Hiyo ni kawaida, maji yamesimama na chuma bado ni cha moto, yanalipokea lile joto lote bila kutembea. Ukiwasha likashuka ndani ya dakika moja mbili hakuna tatizo.

Inachemsha ikisimama, ikienda inapoa

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Gari ikitembea upepo unapita wenyewe kwenye rejeta, ikisimama inategemea feni peke yake, kwa hiyo kama ni foleni tu inayokuua basi tafuta kwenye feni na kila kinachoisaidia.

240Z nyingi zina feni inayozungushwa na injini kupitia klachi ya feni yenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Ikiwa ya baridi inateleza, ikipata joto inatakiwa kushika. Jinsi ya kuipima, endesha mpaka ipate moto, ZIMA injini, subiri isimame kabisa, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikikupinga, ukahisi uzito, ni nzima. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa kama kidude cha mtoto cha kuchezea, imekufa. Angalia pia uso wa hiyo klachi, ukikuta mafuta meusi yamechuruzika yakanasa vumbi kuanzia katikati kwenda nje, ile silikoni imeshatoka yote.

Halafu kuna kava ya feni. Hii inaniuma sana manake ni kitu cha kwanza mafundi kutoa wakibadilisha rejeta na ndicho cha mwisho kurudishwa, inakuwa iko nyuma ya gereji imekaliwa na kuku. Bila kava, feni inavuta hewa kutoka pembeni, ile ile ya moto ya ndani ya boneti, badala ya kuivuta kupitia rejeta. Rudisha kava. Kama haipatikani mpe fundi wa bati akutengenezee, hakikisha nusu ya upana wa pangaboi (mabapa ya feni) iko ndani ya kava na nusu nje, na kingo zake ziwe karibu na pangaboi bila kugusa.

Waliohamia feni za umeme, mambo matatu. Hakikisha inapuliza upande sahihi, weka karatasi mbele ya rejeta, inatakiwa kunaswa na siyo kurushwa, nimeona waya zimegeuzwa na gari imezunguka hivo mwaka mzima. Pili, feni ndogo iliyofungwa katikati bila kava inapoza duara lake tu, kona zote nne za rejeta zinabaki hazifanyi kazi. Tatu, oltaneta ya asili ya hii gari ni ndogo, ukiwasha taa, waipa na feni mbili usiku wa mvua kwenye foleni, umeme unashuka, feni inazunguka kivivu, na temperecha inapanda. Watu wanalaumu rejeta wakati tatizo ni chaji.

Foleni iko sawa, barabara kuu ndiyo inapandisha

Hapa feni haihusiki. Kwenye kilomita 90 upepo ni mwingi kuliko feni yoyote. Ukichemsha kwa kasi basi ama maji hayapiti vya kutosha, ama hewa haipiti kwenye rejeta, ama injini inazalisha joto zaidi ya inavyotakiwa.

Maji kutopita: rejeta imeziba. Zile za asili ni za shaba na mirija yake myembamba hujaa kutu na chokaa. Gari ikiwa ya moto imezimwa, pitisha kipima joto uso mzima wa rejeta taratibu kutoka juu kwenda chini, ukikuta sehemu za ubaridi katikati ya sehemu za moto, hiyo mirija imekufa maji hayapiti. Mafundi wa rejeta wanaweza kufungua tanki na kupitisha vijiti kuzibua, na kama imeharibika sana wabadilishe kiini chote wakiacha tanki za asili. Mi napendelea hivo kuliko rejeta ya aluminiamu ya bei rahisi isiyokaa vizuri, lakini hilo ni la mtu na gari yake.

Sababu ya pili ambayo wengi hawaijui: hosipaipu ya chini. Huu upande pampu inavuta, siyo kusukuma. Paipu ikiwa laini kwa uzee, ukifikisha raundi 3500 inanyonywa mpaka inalala bapa na maji yanakatika. Ukisimama inajirudi kama kawaida, kwa hiyo ukifungua boneti huoni kitu. Mwambie mwenzako akanyage mafuta gari ikiwa imesimama na imepata moto we ukiangalia hiyo paipu kwa tochi, ukae mbali na feni. Ikijikunja, umempata mwizi. Paipu nyingine zina springi ndani kwa ajili hii, na springi ikioza ndiyo basi.

Hewa kutopita: angalia bati la chini mbele, lile linaloziba chini ya rejeta. Halipo, sivyo? Kazi yake siyo kuzuia matope tu, linalazimisha hewa iingie kwenye rejeta badala ya kupita chini na pembeni, na ile nafasi ya kila upande wa rejeta pia izibwe kwa raba au bati. Hewa ni mvivu, ukiiachia njia rahisi haitahangaika kupenya kwenye rejeta. Wakati uko hapo chukua maji yenye presha ndogo upige kutoka upande wa injini kwenda mbele, wadudu na mbegu za majani kutoka Tsavo zitamwagika chini hutaamini.

Joto kuzidi: hii ni taimingi (wakati plagi inapopiga cheche) na kabureta, na inakuja kwenye habari ya milima hapo chini.

Themostati. Tafadhali irudishe.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu naamini hili ndilo limeua hedi nyingi za L24 Afrika Mashariki kuliko kitu kingine chochote. Gari ikichemsha fundi anatoa themostati, anasema "hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi", anafunga nyumba yake na silikoni, kwisha.

Si kweli kwamba ni ya baridi tu. Nissan wenyewe walitoa themostati za joto tofauti kwa ajili ya nchi tofauti: 88 kwa nchi za baridi, 82 ya kawaida, na 76.5 kwa nchi za joto. Yaani wenye gari walizifikiria nchi kama zetu, na jibu lao lilikuwa themostati inayofunguka mapema, hawakusema tuitoe.

Sasa kwa nini kuitoa ni vibaya. Wengine wanasema maji yanapita haraka mno hayapati muda wa kupoa, hiyo siyo sababu hasa, maji yakipita haraka yanazunguka mara nyingi zaidi pia. Sababu kubwa ni presha. Themostati hata ikiwa wazi kabisa inabana njia kidogo, na kwa kubana huko pampu inajenga presha ndani ya bloku na hedi, juu ya ile presha ya kifuniko. Presha hiyo ndiyo inazuia maji yasichemke pale yanapogusa chuma chenye moto zaidi, karibu na vyumba vya kulipukia na vali za moshi. Ukiitoa, presha ndani ya hedi inashuka, vipovu vya mvuke vinaanza kujitengeneza kwenye kona zenye moto zaidi, na mvuke haubebi joto kama maji. Geji inaweza kukuonyesha baridi huku hedi inapikika kwa sehemu. Juu ya hapo asubuhi injini inakaa na baridi muda mrefu, choki inavutwa zaidi, petroli inaosha oili kwenye silinda, na ringi zinakwisha.

Kabla ya kuifunga ipime. Sufuria ya maji jikoni, ining'inize kwa uzi isiguse chini, weka kipima joto, washa moto. Ya 82 inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba yake, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka kwa kuonekana wazi. Hata mpya kutoka dukani ipime, nyingine zinatoka kwenye boksi zimekufa. Na ile pini ndogo inayocheza au kitundu kidogo pembeni yake kiwe JUU ukifunga, ndiyo njia ya hewa kutoka.

Ilikuwa sawa, imetoka gereji inachemsha ndani ya dakika chache

Karibu kila mara ni hewa imebaki ndani. Gari imetolewa maji, imejazwa haraka, na kuna hewa imekaa kwenye hedi au kwenye hita. Simamisha gari pua ikiwa juu, kwenye mteremko au kwa jeki na stendi imara, sukuma kile kidude cha hita mpaka kwenye moto ili njia ya hita ifunguke, jaza taratibu huku unaminya hosipaipu ya juu kwa mkono, washa bila kifuniko na uiache ifanye kazi mpaka themostati ifunguke. Utaona maji yanashuka ghafla na yanaanza kutembea, ongeza, vipovu vikiisha funga.

Kama siyo hewa, angalia belti kama imekazwa, na kama themostati haikufungwa kichwa chini. Ile springi inatazama injini.

Inachemsha ikipanda, au ukishuka Mombasa

Kutoka Mai Mahiu kupanda kuelekea Kimende nyuma ya malori, gia ya pili, upepo hakuna, injini inabeba mzigo wote. Mlima unaumbua kila udhaifu kwa pamoja, feni, rejeta, kila kitu. Lakini kama umeshapitia hayo ya juu na bado, fungua distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi.

Taimingi ikichelewa, moto unawaka bado wakati vali ya moshi inafunguka, joto ambalo lingesukuma pistoni linaingia kwenye hedi na manifoldi ya moshi. Kwenye distributa za zamani kuna vyuma vidogo vya kusogeza taimingi injini ikizunguka haraka, na grisi ya miaka hamsini imeshavigandisha. Tumia taa ya taimingi, panda taratibu mpaka raundi 3000, alama isogee laini. Isiposogea, fungua, osha, paka mafuta kidogo. Na nyonya kile kipaipu cha vakyumu kwa mdomo, kikipitisha hewa raba ya ndani imepasuka.

Upande wa pili ni petroli kuwa kidogo, hewa nyingi. Hapa kuna jambo letu kabisa. Nairobi iko kama mita 1,795 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta inamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo na fundi wa Nairobi ataipunguza mpaka injini itulie. Vizuri kwa Nairobi. Ukiteremka na mpangilio huo huo kama kilomita 480 mpaka Mombasa, hewa inakuwa nzito, petroli ni ile ile iliyopunguzwa, na mchanganyiko unakuwa mkavu. Injini inayokula kavu inaungua kwa joto zaidi. Na taimingi iliyosogezwa mbele kwa ajili ya hewa nyepesi inaanza kugonga ukifika Voi na ukakanyaga. Sasa gari haijawahi kuchemsha Nairobi, inachemsha Mariakani, na mtu analaumu jua la Pwani. Jua lina sehemu yake sawa, lakini toa plagi uziangalie. Zikiwa nyeupe kama chaki, hizo silinda zinalia njaa. Ongeza petroli kidogo kwenye kabureta zote mbili sawasawa, jaza mafuta mepesi kwenye zile nguzo za juu za kabureta, na hakikisha hakuna hewa inayoingia kwenye gasketi za manifoldi, nyunyiza kisafisha kabureta kidogo kidogo kwenye maungio injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta) ila ikiwa ya baridi tu, ikibadilisha mlio umepata panapovuja. Usifanye hivyo karibu na manifoldi ya moshi yenye moto, hiyo dawa inashika moto.

Na shika magurudumu baada ya safari. Breki moja inayoshika inaifanya injini ipande mlima hata mahali pa tambarare.

Maji yanapungua

Kabla ya kuogopa: 240Z nyingi hazikuja na chupa ya kupokea maji, kuna kipaipu tu kinachomwaga chini. Ukijaza mpaka mdomoni, maji yakipata moto yanatanuka na yanayozidi yanamwagwa, kesho unakuta yameshuka vidole viwili, unajaza tena, yanamwagwa tena, na unaamini kuna uvujaji. Yaache pale yanapotulia, ilimradi yafunike mirija. Au funga chupa yenye kipaipu kinachofika chini kabisa ndani ya maji, pamoja na kifuniko cha aina inayorudisha maji, shida inaisha.

Kifuniko chenyewe ni spea ndogo inayodharauliwa kuliko zote. Cha 240Z ni cha 0.9, yaani kilo 0.9 kwa sentimita moja ya mraba. Nairobi maji ya wazi yanachemka kama nyuzi 94 tu kwa sababu ya urefu kutoka baharini, kifuniko kizima kinasogeza hapo mpaka zaidi ya nyuzi 110. Raba ikikatika au springi ikilegea, umebaki na 94, na injini inafanya kazi kwenye 90. Huna nafasi kabisa. Lakini pia usiweke kile cha presha kubwa zaidi ukidhani unasaidia, utapasua rejeta ya zamani au kiini cha hita.

Uvujaji halisi utafute hapa: kitundu kidogo chini ya wota pampu (kikidondosha, sili imekufa, badilisha pampu), vile vipaipu vidogo vya maji upande wa manifoldi ya kabureta ambavyo havionekani mpaka upige magoti na tochi, hosipaipu za hita kwenye ukuta wa nyuma, na zulia la upande wa abiria, likiwa na unyevu na harufu tamu hita inavuja. Harufu hiyo tamu ni kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) na ni sumu, kinga watoto na mbwa wasiilambe. Na tafadhali usimimine bizari, ute wa yai au zile dawa za kuziba. Zitaziba panapovuja na pasipovuja, na mirija myembamba ya rejeta ndiyo itaanza.

Kama hakuna tone nje na maji bado yanapungua, yanaingia ndani. Dalili za silinda hedi gasketi: asubuhi washa injini ya baridi na kifuniko kimefunguliwa, vipovu vinatoka mfululizo visivyoisha, au hosipaipu ya juu inakuwa ngumu ndani ya dakika moja kabla maji hayajapata moto, moshi mweupe mzito usiokoma, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, au plagi moja ni safi inang'aa kuliko wenzake kwa kuwa mvuke umekuwa ukiiosha. Gereji nyingine wana kile kipimo cha maji ya bluu kinachogeuka njano kikikutana na moshi wa injini kwenye rejeta, ukikipata kitakumalizia ubishi.

Hedi ikitoka, ipime kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Ikipinda zaidi ya milimita 0.1 inahitaji mashine. Na hapa mwambie fundi mapema: L24 kemushafti (shafti inayofungua vali) iko juu ndani ya hedi, ukisaga hedi kemu inashuka karibu na kranki, cheni inalegea na taimingi ya vali inachelewa. Wanaojua wanaweka shimu (vibati vya kuinulia) chini ya minara ya kemu kwa kiasi kile kile kilichosagwa. Fundi akikwambia hajui hiyo kazi, mshukuru na upeleke kwingine.

Ukizima haiwaki, ukisubiri inawaka

Hii siyo kuchemsha maji, ni petroli. Kwenye L24 kabureta na manifoldi ya moshi ziko upande mmoja, kabureta zimekaa juu ya moto. Ukizima baada ya mwendo, joto linapanda na petroli inachemka ndani ya kabureta na kwenye paipu. Rudisha lile bati la kukinga joto kati yao, weka gasketi nene za kuhami, sogeza paipu za petroli mbali na chuma cha moto, na ukisimama mafuta Mtito Andei fungua boneti. Wota pampu mpya haitasaidia chochote hapa.

Maji gani

Chuma, aluminiamu na shaba vyote vimeloweshwa kwenye maji mamoja, na maji ya kisima yenye chumvi yanavifanya vilane. Fungua plagi ya kutolea maji ubavuni mwa bloku, wengi hawajawahi kuigusa. Mara nyingi hakitoki kitu, ingiza waya, chokonoa, mara tope la kahawia linaanza kutiririka zito kama uji wa wimbi, na nyuma yake magamba ya kutu. Hilo tope lilikuwa limezizunguka silinda, zaidi zile za nyuma zilizo mbali na pampu, na hakuna rejeta duniani ingezipoza. Piga maji kutoka upande wa pili wa mkondo mpaka yatoke meupe.

Kisha weka maji yaliyosafishwa, yasiyo na madini. Soma lebo, manake dukani ukisema maji ya betri unaweza kupewa asidi. Hatuna barafu ya kutuogopesha, kwa hiyo kulanti asilimia 30 na maji 70 inatosha: maji yanabeba joto vizuri kuliko kulanti, na hiyo 30 ni kwa ajili ya kuzuia kutu. Badilisha kila miaka miwili.

Imeshachemsha, uko njiani

Mshale ukianza kupanda na bado haujafika mwisho, washa hita yote kwenye moto na feni yake juu, ni rejeta ya pili hiyo, utaumia wewe lakini injini itapumua. Toka barabarani. Kama maji hayamwagiki na hakuna mvuke, iache sailensa ya juu kidogo dakika chache ikiwa imesimama, ikishuka zima. Kama mvuke unatoka, zima hapo hapo.

Usifungue kifuniko. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 yatageuka mvuke usoni mwako sekunde hiyo hiyo. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika hosipaipu ya juu bila kuondoa mkono, ndipo uweke kitambaa kizito na uzungushe taratibu. Na usimwagie maji baridi injini ya moto, wala nje wala ndani, hedi ya aluminiamu itapinda ukiwa unaitazama. Maji ya vuguvugu, kidogo kidogo, injini ikiwa inazunguka.

Kabla ya kuondoka chomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya maziwa usiwashe tena hata kwa kilomita moja, piga simu brekidauni ije, bei yake ni ndogo kuliko beringi za kranki.